Jibu: Makao ya binti mjamzito wa miaka 17, Nakuru

Salamu dada. Umeeleza kwamba mdogo wako wa miaka 17, mwenye mimba ya miezi sita, amefukuzwa nyumbani, na kituo mlichokwenda kimemkataa kwa kukosa barua. Anzeni na afisa wa watoto wa kaunti ndogo, kwa kuwa binti aliye chini ya miaka 18 hupelekwa makaoni rasmi kupitia kwake. Binamu yangu alirudishwa langoni mara mbili, begi mkononi, kabla hatujalijua hilo. Usiku ukiwakuta bila pa kulala, pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Kijitabu cha kliniki asikiache. Tena ulizeni mapema atakaa muda gani baada ya kujifungua, maana vituo vingine humtoa mama na mtoto wake hata shingo ya mtoto haijakaza. Kuhusu shule, mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unamruhusu kurudi darasani.