Maswali na majibu: Andromeda wa Wtewael

Maswali ya safari hii yanahusu mchoro wa Joachim Wtewael wa Utrecht, Uholanzi, unaomwonyesha Perseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, akimwokoa Andromeda aliyefungwa minyororo mwambani. Ni wa mwaka 1611, rangi za mafuta juu ya turubai, sm 180 kwa 150, na uko katika makumbusho ya Louvre, Paris.

Mbona mwili wa Andromeda ni mrefu na umejipinda? Mchoraji alikosea?

Hakukosea. Hiyo ndiyo Manerizimu, mtindo wa uchoraji ambamo madaha hutangulia vipimo. Wenzake wengi walipogeukia uhalisia, Wtewael hakuuacha mtindo huu.

Hadithi inasema ni binti wa mfalme wa Ethiopia. Kwa nini ni mweupe?

Cepheus, baba yake, alitawala Waethiopia, jina ambalo Wagiriki waliwaita watu weusi wa kusini mwa Misri. Ovid, mshairi wa Kirumi ambaye wachoraji walimtegemea sana, anasema katika "Heroides" kwamba Andromeda alikuwa na rangi ya nchi yake, yaani maji ya kunde au zaidi. Katika "Metamorphoses" anamfananisha na sanamu ya marumaru, na wachoraji wa Ulaya kwa kawaida walimpaka weupe wa marumaru hiyo. Uafrika wake ulifutwa kwa brashi. Anayeufundisha mchoro huu alitaje jambo hilo mwanzoni kabisa.

Na farasi mwenye mabawa?

Kwa Ovid, Perseus huruka kwa viatu vyenye mabawa. Farasi huyo, Pegasus, alizaliwa na damu ya Medusa, jini mwenye nywele za nyoka aliyeuawa na Perseus; wachoraji ndio waliopenda kumpandisha Perseus juu yake.

Nataka kuunakili kwenye turubai ya sm 60 kwa 50. Nianzeje?

Uwiano ni uleule, kwa hiyo gawa picha miraba 12 kwenda chini na 10 kwenda upande. Kwenye turubai yako kila mraba utakuwa na sm 5. Chora kwanza mstari mmoja unaofuata mpindo wa mwili kutoka kichwani hadi nyayoni, ndipo uongeze viungo. Wanaonakili hukwama hapa: mkono "hukinyoosha" kiuno kiwe cha kawaida, na picha nzima inalala. Fuata mraba, usifuate mazoea.

Nakala yangu ya awali imepasuka nyufa kwenye sehemu za giza.

Yaelekea tabaka la chini lilikuwa na mafuta mengi kuliko la juu. La juu limekauka upesi, la chini likaendelea kusogea, likalichana. Rangi nyeusi ya mifupa hukauka polepole mno, ndiyo maana giza ndilo lililoumia. Tabaka la kwanza lipunguze kwa tapentaini, lipake jembamba. Yanayofuata yaongezee mafuta ya kitani kidogo kidogo. Vanishi ngoja miezi 6 hadi 12.