Maswali na Majibu: Kusoma Kihispania ukiishi na familia mwenyeji

Barua za safari hii, karibu zote kutoka Lindi na Mtwara, zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kwenda nchi ya watu kujifunza Kihispania huku mwanafunzi akipangiwa chumba katika nyumba ya familia badala ya bweni. Nimezijibu kwa urefu usiolingana, kwa kuwa uzito wake pia haulingani.

Swali: Mwalimu, mimi ni mwongoza watalii hapa Kilwa Masoko. Wageni kutoka Hispania huja kuona magofu ya Kisiwani, nasi huishia kuzungumza Kiingereza cha kubahatisha, mimi na wao. Nina akiba ya miezi mitatu ya masomo. Je, niende Hispania, au Guatemala ninakosikia kuwa gharama ni nafuu? Na je, naweza kwenda bila kujua neno hata moja, ili familia inifundishe tangu mwanzo?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na hilo la mwisho. Usiende mtupu. Mama mwenyeji anayerudi kazini akiwa amechoka hakuajiriwa kukufundisha kuhesabu; atakupakulia chakula, atatabasamu, na baada ya siku chache mazungumzo yenu yatakuwa yamekwisha kwa kukosa maneno. Lakini mgeni anayefika akiweza kuuliza, kueleza alivyoshinda na kuomba arudiwe polepole, yaani aliyekaribia kumaliza ngazi ya A2 katika zile sita za kupimia ujuzi wa lugha, zinazoanzia A1 hadi C2, hupata kila siku mazoezi ambayo hakuna darasa linaloweza kuyatoa. Wahispania wana desturi ya kubaki mezani baada ya kula, vyombo vikiwa bado havijaondolewa, wakizungumza siasa, mpira na habari za majirani. Kijana wa kwetu aliyelelewa kutojiingiza katika mazungumzo ya wakubwa huinuka, akashukuru, akaenda chumbani, naye kwa adabu hiyo njema huacha mezani sehemu kubwa ya kile alicholipia. Kaa. Hata usipoelewa, kaa.

Msingi huo waweza kuupata ukiwa hapo hapo Kilwa. Irabu zao ni tano kama zetu, kwa hiyo kusoma kwa sauti hakutakusumbua. Kitakachokusumbua ni vitenzi vya wakati uliopita, na hivyo havihitaji tiketi ya ndege. Shule za Guatemala, hasa za miji ya Antigua na Quetzaltenango, zinajulikana kwa kumpa kila mwanafunzi mwalimu wake peke yake, na nyingine hufundisha kwa video. Saa mbili asubuhi kwao ni saa kumi na moja jioni kwetu, wakati ambapo watalii wako wamekwisha kurudi hotelini.

Kuhusu nchi, ni kweli kwamba masomo na malazi ya Guatemala ni nafuu, lakini nauli ya kuvuka Atlantiki huenda ikalimeza punguzo hilo kwa safari ya miezi mitatu tu. Zaidi ya hayo, wateja wako wanatoka Hispania, na inafaa uzoee matamshi yao na namna yao ya kusema na watu wengi kwa pamoja, ambayo Amerika ya Kilatini haiitumii. Ningekuwa wewe ningeenda Hispania. Ila uwe mwangalifu na hesabu ya siku: viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, Hispania ikiwamo, huruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180, siku ya kuingia na ya kutoka zikihesabiwa, na Julai hadi mwisho wa Septemba ni siku 92. Viza hiyo haikupi ruhusa ya kufanya kazi, basi usiweke kibarua cha huko katika bajeti yako.

Swali: Mwalimu, mimi ni mama wa Lindi mjini. Binti yangu amepata nafasi ya kwenda Hispania kusoma Kihispania, na atakuwa huko mwezi wa Ramadhani. Sisi ni Waislamu. Nasikia watu wale hula nguruwe asubuhi na jioni. Ataishije katika nyumba yao?

Jibu: Mama, hofu yako ina msingi, na dawa yake ni kusema mapema na kusema kwa ukamilifu. Karibu kila shule humpa mwanafunzi fomu ya malazi kabla ya kumpangia nyumba, na hapo ndipo pa kuandika, si usiku wa kwanza chakula kikiwa mezani. Kuandika kwamba hali nguruwe hakutoshi, kwa sababu wapishi wengi hawahesabu kipande kidogo cha jamón (paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi) au chorizo (soseji ya nguruwe) kilichotiwa katika sufuria ya dengu kuwa ni nyama. Ni kiungo tu. Kuna mwenyeji ambaye kwa nia njema kabisa atakitoa kile kipande na kumpakulia binti mchuzi uliobaki. Aandike basi majina yenyewe: jamón, chorizo, panceta (nyama ya tumbo la nguruwe), na manteca de cerdo, ambayo ni mafuta ya nguruwe yanayotiwa hata katika vitafunio vya Krismasi viitwavyo mantecados. Ataje pia mvinyo katika upishi. Samaki, mayai, mboga, mkate na mafuta ya zeituni vimejaa katika chakula chao, kwa hiyo hatalala njaa.

Kama mji bado haujachaguliwa, ningependekeza Granada. Huko wako Waislamu wengi, maduka ya nyama halali yanapatikana, na mtaa wa Albaicín una msikiti uliofunguliwa mwaka 2003. Salamanca, ambayo chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1218, ni mji mzuri sana wa kusomea, lakini uko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Januari baridi yake hushuka hadi kuganda. Mtoto aliyekulia pwani ya Lindi atayakumbuka majasho ya nyumbani.

Ramadhani yenyewe ni rahisi kuliko unavyodhani. Chakula cha mchana huko huliwa kati ya saa nane na saa tisa na nusu, na cha usiku saa tatu au saa nne. Miezi ya Februari na Machi jua huzama mapema kuliko hapo, kwa hiyo binti atafuturu kwa kitu chepesi, kisha atakaa na familia kwa chakula kikuu bila kumsumbua mtu. Achague mpango wa chakula usiojumuisha mchana, asilipie sahani asiyoila, na aombe daku yake iachwe kwenye jokofu. Aulize pia kama chumba kina ufunguo, na kama kuna wanafunzi wengine katika nyumba hiyo. Nyumba isipomfaa, aende ofisi ya malazi ya shule katika juma la kwanza na kuomba ahamishwe. Wamezoea, wala si utovu wa adabu.

Swali: Nasoma chuo hapa Mtwara. Shule moja ya Barcelona imenikubali. Nimeambiwa huko watu hawazungumzi Kihispania nyumbani. Ni kweli?

Jibu: Kihispania utakisikia kila mahali, lakini familia nyingi huzungumza Kikatalani, lugha ya jimbo hilo, wao kwa wao, na ni haki yao. Kama mezani ndipo unapotegemea kujifunza, tafuta Valladolid, Burgos au miji ya Andalusia. Na popote uendako, uombe nyumba isiyo na mgeni mwingine anayejua Kiingereza.

Swali: Mwalimu, nimezoea kuamkia wakubwa. Nitamheshimuje mama mwenyeji aliyenizidi miaka thelathini? (Dada wa Mikindani)

Jibu: Anza kwa usted, ambayo ni namna ya heshima. Huenda siku hiyo hiyo akakuambia umwite kwa jina lake na utumie tú, yaani "wewe" ya kawaida. Mtii, kwa kuwa kwake usted inayoendelea ni kama mlango uliofungwa. Kolombia na Guatemala mambo ni tofauti: usted husikika hata baina ya ndugu. Hispania watu wanaotambulishwa hubusiana mashavuni. Usipopenda, weka mkono kifuani na useme jina lako kwa uchangamfu; hakuna atakayekasirika.

Swali: Niwapelekee zawadi gani kutoka Masasi?

Jibu: Korosho zilizobanguliwa na kukaangwa, zilizofungwa vizuri, baada ya kuuliza kama yupo ambaye mwili wake haupatani nazo. Usibebe nyama wala maziwa, maana Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuviingiza kutoka nchi zetu. Wataifungua zawadi mbele yako papo hapo, na ndivyo desturi yao ilivyo. Kisha watakuuliza korosho hubanguliwaje, basi kajiandae na vitenzi vya kutosha.