Kunyonya mafuta: maswali yenu ya wiki hii

Tangu mjue kuwa nimefanya kazi ya uuguzi thieta, maswali yanayonijia ni ya jambo moja tu: upasuaji wa kunyonya mafuta ya mwilini kwa bomba (liposuction). Haya, tuanze.

Nina kilo 98. Nikinyonywa mafuta nitabaki na ngapi? (Mwalimu, Morogoro)

Pengine 95. Usinune, mwalimu. Upasuaji huu unauza shepu, hauuzi kilo. Kikomo kinachotajwa sana kwa mara moja ni lita 5, na humo mna maji ya ganzi na damu kidogo, siyo mafuta matupu. Ukipanda mzani siku ya pili unaweza hata kukuta umeongezeka, maana mwili umejaa maji. Anayefaidika zaidi ni yule ambaye uzito wake umeshatulia, ila ana nyama uzembe kiunoni au mapajani zilizogoma kuondoka.

Mume wangu ana kitambi kigumu kama ngoma. Atafaa? (Mombasa)

Hafai. Mafuta yanayonyonywa ni yale laini ya chini ya ngozi, unayoweza kuyafinya kwa vidole. Kitambi kigumu kimejaa mafuta yaliyozunguka utumbo, nyuma ya misuli, na bomba halipaswi kufika huko. Huyo kampimeni sukari na presha.

Siku yenyewe ikoje, na baada ya hapo? (Dada, Dodoma)

Kwanza utachorwa. Unasimama na nguo ya ndani tu, daktari anazungushia kalamu sehemu za kutoa, kwa sababu ukilala mafuta yanahama. Kisha ganzi au usingizi, inategemea ukubwa wa kazi. Wanatoboa vitundu vidogo, wanaingiza maji ya chumvi yaliyochanganywa na lignokaini, yaani dawa ya ganzi, na adrenalini ya kubana mishipa ya damu. Ufundi huo ulianzishwa na Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California, miaka ya 1980. Kabla yake watu walikuwa wakipoteza damu nyingi. Ndipo bomba jembamba linaingia, na daktari analisukuma na kulivuta, kulisukuma na kulivuta. Ni kazi ya nguvu, jasho linamtoka.

Usiku wa kwanza ndio unaowatisha watu. Vitundu vinavuja maji mekundumekundu kama juisi ya tikiti, shuka inalowa, ndugu wanapiga simu wakilia. Kwa siku moja au mbili ni kawaida. Tandika mpira na kanga kuukuu. Damu nzito isiyokatika, hiyo siyo kawaida.

Utavaa vazi la kubana kwa wiki kama 4 hadi 6. Kwa joto la Dar, mimi naona hilo ni gumu kuliko upasuaji wenyewe. Nunua mawili, moja likianikwa jingine livaliwe. Tembea kidogo siku hiyohiyo ili damu isigande miguuni. Michubuko huisha kwa wiki mbili tatu, ngozi inaweza kufa ganzi kwa miezi, na umbo halisi utaliona baada ya miezi 3 hadi 6. Kwa hiyo kama harusi ni mwezi ujao, shona gauni la mwili ulio nao.

Nimezaa mara tatu, ngozi ya tumbo inaning'inia. (Tanga)

Mama, ukitoa pamba kwenye mto, foronya inabaki palepale. Ulizia upasuaji wa kukaza tumbo, unaokata ngozi iliyozidi na kushona misuli iliyoachana. Kama bado unataka mtoto, subiri kwanza.

Mafuta yatarudi? (Kijana, Nakuru)

Chembe zilizotolewa hazirudi. Zilizobaki, ukizilisha, zinanenepa.

Nimepata daktari anayekuja saluni, nusu bei. Atatoa tumboni na kujaza makalioni. (Dar es Salaam)

Kimbia. Mafuta yakiingia kwenye mishipa mikubwa ya damu ya makalio yanasafiri hadi kwenye mapafu, na mtu anaweza kufa palepale mezani. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwashauri wanachama wake waache kabisa upasuaji huo kwanza. Kama wale walisita, sembuse saluni? Jina la daktari kaliulizie Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari la huko. Uliza pia nani atakulaza usingizi, na oksijeni iko wapi.

Nilifanyiwa siku tano zilizopita. Mguu wa kushoto umevimba, nyuma, kwenye shavu la mguu, panauma. (Jina nimelificha)

Nilikupigia simu ulipoandika, lakini naliweka hapa kwa ajili ya wengine. Mguu mmoja kuvimba, kukosa pumzi, homa, tumbo kuwa gumu na kuuma: usingoje tarehe ya kliniki, nenda dharura sasa hivi. Na useme ulifanyiwa nini. Wengi wanaona aibu wananyamaza, na daktari anabaki kuhangaika kupima malaria.