Kabla ya taponi, shika matoazi

Mpiga ngoma wa kwetu akiisikia taponi, viganja humwasha. Ni ngoma ya Kithai yenye umbo la pipa, iliyochongwa kwenye gogo la msaji au mfenesi na kuwambwa ngozi pande zote mbili, kubwa huku, ndogo kule. Hulazwa juu ya kigoda chake, ikapigwa kwa viganja. Nilipoanza masomo Bangkok, nami nilitaka kuirukia hiyohiyo. Mwalimu akanipa chingi, yale matoazi mawili madogo yaliyofungwa kamba. Nawe nakushauri uanzie hapo.

Sisi tumezoea kungoja pigo zito mwanzoni mwa mzunguko. Wathai uzito wanauweka mwishoni. Matoazi hulia kwa namna mbili: pigo la kwanza huachwa livume, la pili hubanwa, na hilo lililobanwa ndilo zito. Marimba, upatu na zumari vyote vinaelekea pale. Usipolizoea hilo, utapiga taponi bila kukosea mkono hata mmoja na bado utakuwa nje, na wenzako kwa adabu zao hawatakwambia.

Mapigo ya taponi yajifunze kwa mdomo kwanza. Kila pigo lina silabi yake. Usiguse ngozi kabla hujautamka mzunguko mzima bila kusita.

Pwani ngoma tunaipasha moto ili ikaze. Taponi haipelekwi motoni: katikati ya ngozi hubandikwa wali uliopondwa pamoja na majivu, sauti ikashuka na kuwa nene. Bandika kidogo kidogo huku ukisikiliza, na ukimaliza kupiga uubandue wote na kufuta ngozi.

Kuna suala la dini, nalo Waislamu wenzangu huniuliza sana. Taponi huheshimiwa kama kiwakilishi cha Phra Prakhonthap, mungu wa muziki, ndiyo maana huwekewa maua na kufukiziwa ubani. Mimi nilimweleza mwalimu mapema: kuvua viatu na kutopita juu ya ala yoyote nitafuata, maua na ubani nitawaachia wenyewe. Alikubali. Ongea kabla ya siku ya sherehe ya kuwaheshimu walimu, si siku yenyewe.

Kama Bangkok ni mbali, tafuta pambano la Muay Thai, ndondi za Kithai, lenye muziki wake wa asili. Taponi humo huikuti. Kuna jozi ya ngoma ndefu, dume na jike, pamoja na zumari na chingi. Usitazame ngumi. Fuata matoazi tu, raundi hadi raundi, kwani mwendo huzidi kupanda.