Viungo na majani ya kutia kwenye chai kwenye uwanja wa simenti: vile mi nimefanya hapa Jinja, Uganda

Dada uliyeuliza, umesema umehamia nyumba ya kupanga Bugembe, uwanja ni simenti karibu wote, unataka kupanda majani ya kutia kwenye chai na viungo pamoja na ya dawa ila hujui uanze na nini. Mi niko Walukuba, hapahapa Jinja, mwaka wa sita sasa, nyumba za hivohivo, ngoja nikwambie vile nimeona. Ni ndefu kidogo, nivumilie.

Kosa langu la kwanza nilinunua mbegu kama mtu anafungua duka. Pakiti saba, thaimu sijui basili ya Kizungu sijui nini, vitu kwetu hakuna anayekula. Vingine vikaota vizuri tu, alafu vikasimama pale vinanitazama, manake nani avikate? Na majani ya hivi yasipokatwa yanatoa maua, yanazeeka, shina linakuwa gumu kama ufagio. Kwa hiyo kabla ya mbegu angalia sufuria yako. Unanunua nini sokoni kila wiki? Kwangu ilikuwa dania, mchaichai na mujaaja, basi. Nikaacha mengine yote.

Mchaichai, huku wanauita kisubi, ndio rahisi kabisa. Omba mtu shina lenye kile kitako cheupe cha chini, kata majani ubakize kama shibiri moja, liweke kwenye glasi ya maji dirishani, maji ubadilishe kila baada ya siku mbili. Wiki mbili hivi unaona mizizi. Mimi nilichimbua pale simenti ilipopasuka karibu na ukuta nikalisimamisha hapo, leo ni kichaka, kila nikikitenganisha nagawia majirani. Usivute majani kwa mkono lakini, yanakata kama wembe, tumia kisu. Na sio ya chai tu, nikipata ngege (samaki tilapia) mzima wa ziwani namjaza mchaichai tumboni na limau, namfunga kwenye majani ya ndizi namweka kwa mvuke, hata mzee wangu ambaye hasifii chakula siku hiyo anauliza kama kuna kingine.

Mujaaja kwa msiojua ni ndugu yake kivumbasi, kuna Waganda ukiwapa chai bila mujaaja wanakunywa kwa adabu tu. Nilipewa mche na jajja mmoja, mzee jirani. Ukiuacha unakukimbia unakuwa mti mrefu kukupita, kwa hiyo kila ukiona vile vishada vya maua vinaanza juu vivunje kwa kucha, pale ulipovunja yanatoka matawi mawili. Kwenye chai usiuchemshe muda mrefu. Acha maji yachemke, tia majani manne matano uliyoyafikicha kidogo mkononi, funika, shusha moto, ndio utie majani ya chai. Ukichemsha robo saa utakunywa kitu kinanuka kama dawa ya kuchua.

Dania sasa ndio ilinitoa jasho. Mara tatu nilipanda mara tatu ikagoma, nikasema mbegu feki. Kumbe ile punje ya mviringo ndani yake kuna mbegu mbili, na ganda lake gumu. Unaiviringisha na chupa kwenye meza polepole mpaka igawanyike katikati, usisage, alafu unailoweka usiku mmoja. Na ipande palepale itakapokaa, haipendi kuhamishwa kabisa, ukihamisha inachukia inakimbilia maua. Jua kali pia linaifanya hivo, kwa hiyo yangu iko upande wa asubuhi, mchana inapata kivuli cha ukuta. Sipandi yote mara moja, kila baada ya wiki mbili tatu natupia kiganja kingine, hivo haikatiki. Sasa hivi nikitaka kutengeneza rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, natoka na kisu nakata kiasi cha mayai mawili, sio ile ya kununua fungu la shilingi 500 nusu inaozea kwenye kaveera (mfuko wa plastiki).

Vyombo usinunue. Jerikeni ya lita 20 iliyovuja ilaze, kata ubavu mmoja, toboa chini matundu mengi kwa msumari wa moto. Mimi natanguliza vipande vya mkaa, juu udongo na samadi ya mbuzi iliyokaa, mbichi itaunguza. Minti ipe beseni lake peke yake bambi, mizizi yake inatembea chini kwa chini, yangu ilimeza dania yote nikiwa nimeenda mazishi Busia wiki mbili.

Kukausha ni kivulini. Juu ya mabati yanakauka haraka kweli ila harufu inaondoka unabaki na nyasi. Funga vishada vidogo tundika jikoni, basi.

Upande wa dawa hapo nitakuwa mkali kidogo, samahani. Tangawizi na mchaichai kwa mafua, sawa, inafariji. Mwaka juzi mwanangu alishikwa na homa nikamtwangia mululuza, yale majani machungu ya kienyeji, si ndio tulikua tunapewa, siku tatu nampa yale maji machungu na yeye anatapika, siku ya nne hawezi kusimama. Kliniki wakamtoboa kidole, malaria. Yule nesi alinisema mbele ya watu na sikuwa na jibu. Najua mtaniambia mambo ya artemisia, na ni kweli dawa mseto ya malaria inatokana na huo mmea, ila kiwandani wanapima, kwenye kikombe chako hujui imeingia kiasi gani, na kiasi kidogo kinaweza kumfundisha mdudu wa malaria kuizoea dawa. Hata Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai yake. Mtoto akiwa na homa, kapime kwanza, chai atakunywa akipona.

Ukitaka shina la kisubi njoo tu, Bugembe na hapa ni boda moja. Mujaaja ningoje mpaka mvua ya Septemba, manake uliobaki kuku wa jirani wameufukua juzi na bado tunaongea na mwenyewe.