Komedi ya kijana wa Kigujarati na binti wa Kigogo: lafudhi iache, shika mahari

Mkuu, skripti nimeisoma yote. Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta mada ana filamu fupi ya dakika 25. Kijana wa familia ya Kihindi yenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma mjini anampenda binti wa Kigogo, wazazi wa pande zote mbili hawataki, na anauliza kwa nini kila anayeisoma anaacha kucheka baada ya ukurasa wa sita.

Wanaacha kwa sababu hadi hapo umechekesha kwa vitu viwili tu, lafudhi na utani wa kabila. Baba wa kijana kazi yake ni kusema "veve nataka nini", na mjomba wa binti kazi yake ni utani wa Wagogo na kuomba. Vyote viwili vimeshachoka kwenye bongo muvi. Halafu havina ukweli ndani yake. Maduka ya Wahindi huku bara yalifuata Reli ya Kati, na reli hiyo Wajerumani waliifikisha Kigoma 1914. Familia iliyouza misumari na bati Dodoma kwa vizazi vitatu inaongea Kiswahili kama mimi na wewe. Geuza: babu wa kijana, aliyezunguka vijijini akinunua karanga, aongee Kigogo safi, na binti aliyekulia mjini, mtaa wa Area D, ashindwe kumjibu. Mama wa binti akiingia tu, babu amsalimie kwa Kigogo, "mbukwenyi", na binti atazame chini. Hapo umepata kicheko bila kumdhalilisha mtu, na umempa babu sababu ya kuwa upande wa vijana baadaye.

Jambo la pili, "Mhindi" hatoshi kuwa mhusika. Ukurasa wa tatu familia inatoka jamatkhana, ukurasa wa nane nyumbani kuna sanamu ya Ganesh. Jamatkhana ni ya Waismailia, nao ni Waislamu. Ganesh ni wa Wahindu. Mtazamaji wa jamii hiyo atazima simu hapo hapo. Kuna Waismailia, Waithnasheri, Mabohora, Wahindu wa Kigujarati, Masingasinga, Wagoa ambao ni Wakatoliki, na kila kundi lina sababu zake za kukataa ndoa. Chagua moja. Ningekushauri Wahindu wa Kigujarati wasiokula nyama, kwa sababu chakula kitakufanyia nusu ya kazi. Upande wa binti wafanye Waanglikana, familia za Kigogo za namna hiyo ziko tele.

Sasa injini yenyewe, ambayo unayo na umeipita kwa sentensi moja. Kwa mila ya Kigogo mahari hutoka upande wa mwanamume, ng'ombe na mbuzi, na hayaishii kwa baba wa binti. Hugawanywa kwa ndugu wa upande wa baba na wa upande wa mama. Kwa Wahindu wengi desturi ya zamani ni kinyume, mali hutoka kwa binti kwenda kwa mume. India iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1961, lakini shangazi wa kijana mwenye miaka themanini hana habari na sheria hiyo. Waketishe sebule moja. Kila upande umekuja na daftari, umekaa kimya kwa heshima, unasubiri wenzao wataje wanaleta nini. Chai inapoa. Shangazi anakisifia kikabati cha vyombo kwa namna ya mtu anayekipima kama kitapita mlangoni kwake. Mjomba wa binti anauliza kama duka lina uzio wa kutosha kufungia ng'ombe kwa muda. Mshenga ndiye pekee anayeelewa kinachotokea, na hana ujasiri wa kusema. Sini hiyo inabeba dakika nne nzima.

Baba mwenye duka akishaelewa kwamba mlipaji ni yeye, usimfanye akasirike. Mfanyabiashara hapandwi na hasira, anajadili bei. Aulize ng'ombe kumi kwa mkupuo kuna punguzo gani. Aulize kama atapewa risiti ya EFD. Kisha atoe wazo analoona ni la busara, alipe taslimu yaishe, na upande wa pili wote wagande. Wanyama wale wameshagawanywa vichwani mwao: mtamba ni wa mjomba, mbuzi wawili wa bibi mzaa mama, na hakuna anayejua noti zitagawanywaje bila ugomvi. Kila mtu hapo ana hoja ya kweli kwa kanuni za kwao. Mzazi anayekataa kwa sababu tu "ni mkali" hachekeshi zaidi ya mara moja. Mzazi mwenye hesabu inayojumlika vizuri nyumbani kwake na isiyojumlika kwa jirani anachekesha hadi mwisho.

Kwa muda wa hadithi, tumia Sheria ya Ndoa ya 1971. Kwa kuwa dini ni mbili, vijana wataenda ndoa ya bomani, na sheria inataka taarifa itolewe siku 21 kabla, katikati hapo mtu anaweza kuweka pingamizi. Hiyo ni saa ya ukutani uliyopewa bure. Taarifa itolewe ukurasa wa tano, siku zihesabiwe, na wazazi wa pande zote wakutane ofisini kila mmoja amekuja kimya kimya kuweka pingamizi. Wakianza kuulizana kalamu, urafiki wao unaanzia hapo. Maadui wanaokubaliana kila kitu isipokuwa ndoa yenyewe ni mali sana kwenye komedi. Baba mwenye duka awekwe mweka hazina wa kamati ya harusi asiyoitaka, na aanze kudai michango ya wengine kwenye grupu la WhatsApp kwa sababu ahadi isiyolipwa inamnyima usingizi.

Umeitaja filamu ya My Big Fat Greek Wedding ya 2002 kama mfano. Ni mfano mzuri, iligharimu kama dola milioni 5 na kuingiza zaidi ya milioni 368 duniani, na Nia Vardalos aliianza kama onyesho la jukwaani la mtu mmoja, kwa hiyo usiogope bajeti ndogo. Ila jua cha kuchukua. Chukua ile keki: wazazi wa bwana harusi wanaleta keki ya mduara yenye tundu katikati, mama wa bibi harusi, Mgiriki, haelewi tundu ni la nini, na keki inarudi mezani ikiwa na chungu cha maua tunduni. Hakuna anayeeleza, hakuna anayekosewa adabu. Usichukue bwana harusi. Ian hakatai chochote, hata ubatizo anaukubali mara moja, na wazazi wake ni watu wa kukaa kimya tu. Ile filamu inabebwa na ukoo mmoja mkubwa. Yako ina koo mbili, zote lazima zidai kitu.

Keki yako wewe ni jogoo. Familia ya Kigujarati ilete boksi la ladu na barfi, vitamutamu vya Kihindi. Upande wa binti, kwa ukarimu, uwarudishe na jogoo hai. Hawali nyama, kumkataa ni tusi, kumchinja haiwezekani. Anafungwa stoo kati ya mifuko ya saruji na kuanza kuwika alfajiri. Kufikia ukurasa wa 20 ana jina.

Upigaji picha. Ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja, na yako ina kurasa 38, kwa hiyo kata 13 kabla hujaita mtu yeyote. Sini za mezani ndizo zinazoua ratiba: pika chakula cha kutosha kurudia mara nne, maana ugali hukauka juu na mlenda hubadilika sura ukipoa, na kwenye kuhariri mkono mmoja unakuwa na tonge, mwingine hauna. Mtu mmoja apige picha ya meza kila mnaposimama. Anza na wazee, wanachoka mapema. Wakigombana wote kwa pamoja, rekodi kila sentensi peke yake na uzipandishe kwenye kuhariri, la sivyo hutaweza kukata popote. Dukani zima feni na friji la soda zisivume kwenye sauti; weka funguo za gari ndani ya friji ili usiondoke bila kuliwasha. Maiki ya kifuani chini ya sari husugua kitambaa, ibane kwa tepu pande mbili. Nje, upepo wa Dodoma wa Juni hadi Septemba hauna huruma, bila kifuniko cha manyoya kwenye maiki utarudia sauti yote. Saa sita mchana usipige picha nje, jua la utosini linayatia macho ya watu kivuli cheusi.

Kibali cha Bodi ya Filamu kiombe kabla ya kuanza, na filamu ikikamilika ikaguliwe na kupewa daraja kabla ya kuionyesha. Wimbo wa Kihindi wa kwenye sini ya mwisho utoe, hutamudu haki zake. Tafuta kikundi cha akina mama wanaopiga muheme, ngoma ya Wagogo, rekodi ngoma zao siku moja, andikishianeni mkataba na uwalipe siku hiyo hiyo.

Sini ya mahari ukiiandika upya iweke hapa yenyewe tu, bila nyingine, tuione.