Wazee wapya wa Jumatano, tuelewane

Jumatano iliyopita niliwatazama ninyi watano mnaoanza kukaa na wanafunzi wetu kila Jumatano, nikatamani kujificha choo cha walimu. Mmoja kaja amevaa tai, hapa Moshi na joto hili. Mwingine kaanza na "sisi enzi zetu" saa nane mchana, kengele ikamkuta bado yuko kwenye ujana wake, na mtoto aliyepangiwa hajafungua mdomo ila kwa shikamoo. Nawapenda, ndiyo maana nawasema.

1. Hotuba ziachieni harusi. Keti, uliza, nyamaza.

2. Msiwaambie eti tangu 2016 ada ilifutwa, kwa hiyo hawana kisingizio. Sare, madaftari na nauli nani alizifuta?

3. Wa kidato cha kwanza akikaa kimya, msimwite mzito. Miaka saba kasoma kwa Kiswahili, Januari kaamkia baiolojia ya Kiingereza. Aeleze kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza mtakitafuta pamoja. Akichomekea Kichaga, ruksa.

4. Ukisema utakuja, njoo.

Hapa nina deni. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kijana wa kidato cha pili, kwao Uru. Mimi mhasibu mstaafu, basi nikaanza na kutunza muda. Nilimchorea ratiba kwa rula na wino mwekundu. Akichelewa dakika tano, namwonyesha saa yangu bila kusema neno. Nilijiona mwalimu kweli!

Jumatano moja ya Aprili nikapata msiba Marangu. Msiba ni msiba, hakuna wa kunilaumu. Lakini simu ilikuwa mfukoni tangu asubuhi, na namba ya mwalimu wa malezi ninayo. Sikupiga. Nilijiambia, mtoto yule, ataelewa. Tulipomaliza kuzika nikakaa kwenye pombe ya mbege na shemeji zangu mpaka giza.

Yaliyobaki nilisimuliwa na mlinzi. Kijana alikaa kwenye benchi na karatasi ya jaribio la hisabati: 61. Siku zote alikuwa mtu wa ishirini na kitu. Wenzake wakampitia waondoke, akawaambia, "Babu yangu yuko njiani." Wakacheka, wakaenda. Saa kumi na mbili mlinzi akataka kufunga geti. Mvua ilikuwa imeshuka kutoka mlimani, daladala za Uru hazionekani. Akaipachika karatasi ndani ya shati, akapandisha kwa miguu.

Wiki iliyofuata nikaja na soda na maelezo marefu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Haina shida, babu. Pole na msiba."

Afadhali angeninunia. Nilipata adabu tupu: shikamoo babu, ndiyo babu, asante babu, mpaka likizo ya Juni ikapita. Alikuwa anawahi kila Jumatano, tena kabla yangu. Ile karatasi ya 61 hajanionyesha mpaka leo, na mimi sijathubutu kuiulizia.

5. Noti msimpe mtoto mkononi, hata ya nauli. Mpeni mwalimu wa malezi. Mzee wa tai, nilikuona.

6. Mwenye udhuru Jumatano hii apige simu kabla ya saa nne asubuhi. Namba imebandikwa mlangoni, kwa herufi kubwa, maana miwani yenu naijua.